Mizani Nane za Naisula

Neno la kwanza la Kijerumani nililoliandika maishani mwangu lilikuwa na herufi ishirini na tisa, na ukuta ulikuwa na nafasi ya herufi kumi na sita.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Ukitoka barabara kuu ya Namanga ukaingia Noonkopir, mtaa wa Kitengela, vinyozi, mabucha na makanisa mengi utakayoyaona yameandikwa kwa mkono wangu. Ukiona R ambayo mguu wake umetangulia mbele kidogo kama mtu anayetaka kuvuka barabara, hiyo ni ya Maundu, na wanaojaribu kuiiga hushindwa. Basi siku moja Githongo, mwenye chuo cha lugha kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, alinipa karatasi yenye neno moja akaniambia niliandike juu ya lango kabla ya Jumatatu. KRANKENPFLEGEHELFERAUSBILDUNG. Nilimuuliza maana yake. Alisema ni mambo ya unesi, niandike tu.

Nilipima ukuta nikachora kwa chaki kwanza. Herufi ya kumi na sita ilipogusa nguzo nilikata hapo hapo, zilizobaki nikazishusha mstari wa pili: KRANKENPFLEGEHEL juu, FERAUSBILDUNG chini. Kwa jicho la mchoraji ilikaa vizuri. Nilikuwa juu ya ngazi nikikoroga rangi ya buluu niliposikia mtu anacheka chini yangu. Alikuwa Madam Wanjira, mwalimu wa chuo, mama wa makamo mwenye sauti ndogo na kicheko kisicholingana nayo.

"Msanii," alisema, "huyo Helfer umemkata kiunoni."

Nilikasirika, maana mimi hukasirika kabla ya kuelewa. Nilishuka nikamwambia anionyeshe yeye, basi, pa kukata. Alichukua chaki yangu akaligawa lile neno kwa mistari mitatu ya wima. Kranken, wagonjwa. Pflege, utunzaji. Helfer, msaidizi. Ausbildung, mafunzo. Akasema Wajerumani hujenga neno kama ploti ya vyumba vya kupanga: chumba kimegusana na chumba, na mwenye ploti anakaa chumba cha mwisho. Ukitaka kujua neno ni la nini, piga hodi huko nyuma. Hapa mwenyewe ni mafunzo. Mafunzo ya nani? Ya msaidizi. Msaidizi wa nini? Wa utunzaji. Utunzaji wa nani? Wa wagonjwa. Sisi tunaweka ya na wa katikati kama vichochoro vya kupitia. Wao hawana haja na kichochoro. Ukilazimika kukata, alisema, kata penye ukuta. Usimkate mpangaji.

Nilifuta chaki nikaandika upya: KRANKENPFLEGE juu, HELFERAUSBILDUNG chini. Bado liko pale. Helfer yuko mzima mwanzoni mwa mstari wa pili, kwa rangi yangu, na karibu kila asubuhi napita chini yake.

Sasa ushairi. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kitabu cha fasihi cha dada yangu sikukiacha. Nilijifundisha vina, nikajifundisha mizani, nikajifundisha mahali pa kuvuta pumzi katikati ya mstari. Hakuna aliyenishika mkono. Mstari wangu una mizani kumi na sita, nane huku na nane kule, na nikikuta umepungua au umezidi, siwezi kula mpaka niurekebishe. Watu wa Noonkopir wananijua kwa mabango; mashairi walikuwa hawayajui, na hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyokubali.

Madam Wanjira aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa, nami nikawa namchorea chati za ukutani. Wanafunzi walikuwa vijana wa Kitengela, Isinya, hata Laiser Hill, wengi wakiwa na vyeti vya kuuguza, wakitaka kwenda Ujerumani kutunza wazee. Nilichokiona mle ndani kilinichekesha, kisha kikanitia uchu. Watu wazima walikuwa wakifika kwenye neno refu wanasimama kama ng'ombe mbele ya daraja. Wanashika Kran, wanapoteza ken, wanaanza upya. Nilikaa nikafikiri: hili ni suala la mizani tu. Silabi yetu huisha kwa irabu, mlango wazi. Yao mara nyingi hufungwa kwa konsonanti, na wakati mwingine huingia na konsonanti tatu mlangoni, lakini pigo ni pigo. Siku Madam alipochelewa nilisimama mbele nikawaambia wapige makofi. Kran-ken-pfle-ge-hel-fer-aus-bil-dung. Tisa. Tukarudia polepole, kisha haraka, kisha bila makofi. Alipofika, darasa zima lilikuwa linalisoma lile neno kama watoto wa chekechea wanavyosoma majina yao. Alisimama mlangoni akasema nimefanya kazi nzuri. Nakumbuka alisema hivyo, maana baadaye nilijilazimisha kusahau.

Githongo naye aliona. Aliacha kuniita msanii akaanza kuniita mwalimu wa matamshi, na wageni walipokuja kuuliza habari za chuo aliwaambia kuna mbinu ya siri ambayo vyuo vingine havina. Aliniahidi darasa langu mwenyewe muhula ukianza. Nilikuwa nimevaa ovaroli yenye madoa ya rangi wakati ananiambia, na nikalitazama kama nguo ya mtu mwingine.

Katika darasa lile alikuwepo Naisula, binti ya mzee Parsaoti wa Bissil. Alikuwa na cheti cha msaidizi wa wauguzi, na alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika hospitali ndogo Kajiado: kuosha wagonjwa, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Madam alisema mikono kama ile haifundishwi. Shida yake ilikuwa hofu. Akiandika, alipata. Akiulizwa kwa mdomo, Kijerumani chote kilimtoroka, abaki anatazama dirisha.

Na mdomo ndio uliotakiwa. Wakala aliyekuwa akipeleka watu alikuwa ametangaza usaili kwa video, Kajiado, na nyumba moja ya wazee ya huko Ujerumani. Githongo alitusomea masharti mara mbili. Atakayeshindwa kujieleza ataruhusiwa kurudi baada ya miezi sita. Atakayebainika kudanganya kuhusu kazi au cheti chake atafutwa kwenye orodha moja kwa moja, na hakuna kurudi. Naisula aliyaandika kwenye daftari lake akayapigia mstari.

Siku chache baadaye alinikuta nikipaka ubao wa darasa.

"Msanii, nitungie," alisema. "Kitu ikiwa wimbo hainitoki. Nyimbo za cucu nimezishika zote, na alikufa nikiwa darasa la tatu."

"Kumwita nyanya cucu ni kwa Wakikuyu. Wewe utasemaje cucu?"

"Nimekaa Kitengela miaka mitatu, utaniambia nini?"

Nilicheka, nikamtungia. Sijawahi kutunga kitu kwa furaha namna ile. Beti nne za kujitambulisha, kwa Kijerumani, katika bahari ya shairi la Kiswahili. Mstari wa kwanza ulinijia nikitembea, nikauhesabu kwa vidole mpaka nikagonga mtu: *Mein Name ist Naisula, von Beruf Krankenpflegerin.* Jina langu ni Naisula, kwa taaluma ni muuguzi. Nane huku, nane kule. Hilo *von Beruf* nililipenda kupita kiasi. Lilikuwa na uzito, kama mtu anayevua kofia kabla ya kusema.

Nilijua kwamba kazi yake kamili ni Krankenpflegehelferin, msaidizi. Nilijua. Lakini Helfer akiingia, nusu ya pili inakuwa na mizani kumi, na nusu ya mizani kumi si nusu. Nikamtoa.

Niliuandika ubaoni darasa liuone. Wanafunzi waliusoma kwa makofi, wakarudia, mmoja akapiga meza kama ngoma. Madam Wanjira alingoja wamalize, kisha akasema kuna chumba kimebomolewa. Nilimweleza kwamba ushairi una ruhusa zake, kwamba malenga anaweza kufupisha neno ili mizani itoshe, na hilo linaitwa inkisari, na lina umri mkubwa kuliko chuo hiki. Hakupandisha sauti.

"Maundu, hapa hujafupisha neno," alisema. "Umempandisha mtu cheo. Huyu msichana si nesi. Akisema hivi na karatasi zinasema vile, watasema ni mwongo."

Ningeweza kusema asante. Badala yake nilimuuliza, mbele ya watu ishirini, kama amewahi kutunga ubeti hata mmoja maishani mwake, ukasomwa na mtu yeyote. Kisha nikasema asiyewahi kujenga asinipimie ukuta. Darasa lilicheka. Walicheka kwa sababu ilisemwa vizuri, na mimi nilikubali kicheko kile kama malipo. Madam alichukua mkoba wake akatoka.

Naisula alinifuata nje akaniuliza kama iko sawa kweli. Nilimwambia karatasi zake wanazo, wataelewa. Kisha nikamwambia maneno ambayo sasa nayajua kuliko shairi lenyewe: "Usiguse hata silabi moja. Ukiulizwa, rudia vile vile. Ukitoa tofali moja, ukuta wote unakuangukia."

Jumapili kabla ya usaili baba yake alichinja mbuzi, nami nikaalikwa. Mzee Parsaoti ni mtu mrefu, mkavu, aliyewahi kuchunga mifugo mpaka mpakani na sasa anakaa karibu na soko la Bissil kwa sababu ya miguu. Alinisalimu, "Supai," nikaitikia, "Ipa," akafurahi kana kwamba nimemsomea kitabu. Alikata nyama mwenyewe. Nilitazama kisu chake kwa sababu sikukisikia. Hakupiga mfupa hata mara moja. Alipapasa kwa kidole gumba, akapata kiungo, akazungusha, na mguu ukaachia. Nilimwambia kwamba mimi na binti yake tunafanya kazi hiyo hiyo kwa maneno. Alicheka, akataka nimweleze. Nikamweleza habari ya vyumba na viungo, na pa kukata na pasipo pa kukata, nikamweleza kwa ufasaha hasa, mimi niliyekuwa nimetupa kiungo kizima.

"Kwetu nyama haikatwi na njaa," alisema. "Inakatwa na kiungo. Halafu kila kipande iko na mwenyewe. Hii ya wazee, hii ya akina mama, hii ya vijana wa kuchunga. Mtu akichukua yenye si yake, tunajua kabla hajameza."

Kisha akanipa kipande cha bega, akawaambia majirani kwamba hicho ni cha mwalimu. Nilikila chote. Naisula alikuwa amekaa na mama zake, midomo ikicheza, akirudia mistari yangu bila sauti.

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa hoteli moja Kajiado, saa nne asubuhi. Wasailiwa waliingia mmoja mmoja. Nilikuwa nimeenda kumsindikiza, nikasimama nje chini ya dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya joto. Sikuona kioo cha kompyuta, lakini nilisikia. Mwanamke wa Kijerumani alimsalimu Naisula akamwomba ajitambulishe. Kimya kidogo. Nikaogopa. Kisha sauti yake ikatoka, safi, bila kukwama, *Mein Name ist Naisula, von Beruf Krankenpflegerin*, na ikaendelea mpaka mwisho wa beti zote nne. Niliweka vidole kwenye ukuta nikahesabu pamoja naye.

Yule mwanamke aliuliza kitu. Nilisikia neno langu likirudi, *Krankenpflegerin*, sauti ikipanda mwishoni. Naisula akarudia mstari wa kwanza vile vile. Mwanamke akasema tena, polepole zaidi, na sauti ya mwanamume ikaingia ikasema kitu kuhusu karatasi. Naisula akarudia mara ya tatu, sasa kwa nguvu, kama mwanafunzi wa shule ya msingi anayeambiwa hajasikika.

Nami pale nje nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane. Niliposikia wameuliza mara mbili, nilidhani wameupenda mstari. Nilidhani wanataka kuusikia tena.

Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagikiwa maji ya baridi. Aliniambia kwamba mara ya pili alijua. Aliona yule mama akitazama karatasi, kisha akimtazama yeye, na akaelewa wanachokitafuta, na lile neno Helfer likamjia mpaka kwenye ulimi. Lakini kila alipotaka kulitia, mstari ulianza kumponyoka na nyuma yake hakukuwa na Kijerumani kingine. "Ulisema nisiguse," alisema. Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananiripotia tu, kama fundi kwa mwenye nyumba.

Barua ya wakala ilikuja kwa Githongo baada ya siku mbili. Mwombaji ametoa taarifa zisizo za kweli kuhusu taaluma yake, na alipopewa nafasi ya kusahihisha, mara mbili, amezirudia. Jina lake limeondolewa.

Githongo aliita darasa zima uani. Alikuwa ameshang'oa chati zangu zote ukutani na hata gundi ilikuwa imebanduka na rangi. Aliwaambia wanafunzi kwamba Naisula amejitungia maneno yake mwenyewe, kwamba chuo hakikumfundisha uongo, na kwamba hapa hakujawahi kuwa na mbinu ya siri ya mashairi. Naisula alikuwa amesimama karibu na tangi la maji. Watu ishirini waliokuwa wamepiga makofi walitazama chini. Mimi nilitazama viatu vyangu. Darasa langu lilikuwa linaanza Jumatatu iliyofuata. Sasa naweza kumtukana Githongo kwa mizani nikitaka, kwa vina vya kati na vya mwisho, lakini Githongo alisema uongo wake kwa sauti. Mimi wangu niliumeza.

Madam Wanjira hakunisema pale. Alinifuata langoni, chini ya neno lile, akiwa na karatasi. Alikuwa ameandika barua kwa nyumba ya wazee, Kijerumani kizuri cha ukurasa mmoja, kueleza kwamba maneno yale Naisula alitungiwa na kuamriwa asiyabadilishe, kwamba cheti chake ni cha kweli na hakuwahi kukificha. Ilihitaji jina la aliyetunga. Alinitafsiria sentensi yangu: *Mimi, Maundu, niliyetunga maneno hayo, nilionywa kwamba yana kosa na nikakataa kuyarekebisha.*

"Weka sahihi niitume leo," alisema. "Orodha inafungwa Ijumaa."

Nilimwambia naichukua nikaisome. Ilikuwa Jumanne.

Sikuwa na kitu cha kusoma. Nilikuwa nimeielewa yote. Nilikaa nayo Jumatano nikipaka bango la kinyozi. Nilikaa nayo Alhamisi. Nilijaribu kuibadilisha ile sentensi: niandike kwamba palitokea kutoelewana, kwamba ushairi una kanuni zake ambazo huenda hazijulikani Ujerumani. Niliandika hata aya nzima kuhusu inkisari. Ningeweza kukiri kosa la mtu yeyote duniani. Kuandika jina langu chini ya sentensi inayosema kwamba nilionywa, na kwamba aliyenionya alikuwa sahihi, mkono ulikataa. Ijumaa jioni nilitia sahihi. Madam aliituma dakika ile ile bila kunitazama. Jibu lilikuja Jumatatu, mstari mmoja: orodha imefungwa, uamuzi unabaki.

Jumatatu hiyo hiyo nilikuwa naingia darasani kwangu. Niliwakuta vijana wapya kumi na wawili, nikachukua chaki, nikairudisha. Nilimwambia Githongo atafute mtu. Sikuwaeleza kwa nini, na msidhani ulikuwa ushujaa. Ushujaa ungekuwa uani.

Naisula alikuwa amerudi Bissil. Nilikwenda siku ya soko, nikijua mzee atakuwepo. Nilimkuta nje ya duka la dawa za mifugo, amekaa juu ya jiwe, fimbo kati ya magoti. Alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliagiza chai. Alisema haya mambo ya mtihani ni bahati tu, na kwamba msichana amemweleza: alishikwa na hofu, akasahau maneno ya mwalimu, akasema yake. Alisema hanilaumu. Alisema hata mbuzi mzuri siku ya soko anaweza kukohoa.

Nilielewa alichofanya Naisula. Nilikuwa nimekula bega katika nyumba ile nikiitwa mwalimu, mbele ya majirani. Mgeni aliyelishwa haaibishwi. Alikuwa amejitwika kosa langu yeye.

Chai ilikuwa mkononi. Ningeinywa, ningeshukuru, ningeondoka. Nilimweleza yote: neno, ubao, Madam Wanjira, uani, barua niliyoikalia siku tatu. Nilieleza vibaya, kwa sentensi zilizovunjika, mimi ambaye huwa sikosi neno. Mzee Parsaoti alisikiliza akitazama mbuzi waliokuwa wakipitishwa.

"Ulijua haikuwa yake," alisema.

"Nilijua, Mzee."

"Na mama mwalimu alikuambia."

"Aliniambia."

Mtu mmoja alipita akamsalimu, akaitikia, wakaongea habari za mvua ya Namanga mpaka yule mtu akaenda zake.

"Nimekaa na huyu mtoto miaka ishirini na nne, hajawahi kuniambia uongo," alisema. "Sasa ameniambia, akikulinda wewe. Umenifanyia msichana mwongo mara mbili. Ya kwanza ni ya Wajerumani, hao siwajui. Ya pili ni yangu."

Alimwaga chai yake chini, si kwa hasira, kama mtu anayemaliza, akasimama kwa kuegemea fimbo. Hakuniambia niondoke. Alinyoosha tu mkono kuelekea upande ambao binti yake alikuwa, ili nikaone mwenyewe.

Naisula alikuwa karibu na uzio wa soko ameshika kamba za mbuzi wawili wa mama yake. Aliponiona alijua nimesema; nadhani alisoma mgongo wa baba yake. Aliniuliza kwa nini. Nilijibu kwamba ilikuwa kweli. Alisema kweli ingemsaidia Jumanne, sasa imemharibia hata nyumbani, mahali pekee palipokuwa pamebaki.

Nilikuwa na karatasi mfukoni, na kwa ujinga ambao sijui niuite nini, niliitoa. Safarini, nilipopita Isinya, nilikuwa nimeanza kuhesabu bila kutaka, kwa sababu vidole vyangu havijui kukaa, na mstari ulikuwa umekuja. Niliuandika kwenye karatasi ya pakiti ya sandipepa, msasa wangu wa kazi. Nilimpa. *Mein Name ist Naisula, bin Krankenpflegehelferin.*

Aliweka kamba za mbuzi chini ya mguu, akazikanyaga, akahesabu kwa mkono mmoja na kisha mwingine, midomo ikicheza kama siku ile ya mbuzi. Bin. Kran. Ken. Pfle. Ge. Hel. Fe. Rin.

"Nane," alisema.

"Nane."

"Na Helfer yuko ndani."

"Yuko."

Aliusoma tena. Ulikuwa mstari mzuri, mzuri kuliko ule wa kwanza, mwepesi, bila ile kofia ya kuvuliwa. Ningeweza kuuona siku yoyote. Nilikuwa nimelipenda *von Beruf*, basi.

"Ilikuchukua muda gani kuipata?"

Ningeweza kusema siku mbili. Ningeweza kusema wiki.

"Kama dakika tano," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia pale sokoni wakisikia bei ambayo hawataijibu, akanirudishia karatasi, akaokota kamba zake, akarudi kwa mbuzi.